Hodi Kwenye Mstari wa Mtu

Igoma, Jumapili alasiri

Kemi mwanangu,

Salamu tutapeana kesho stendi ya Nyegezi, na najijua nitalia mbele ya makondakta, kwa hiyo hapa naziruka. Umetoka kwenda Mabatini kuchukua viatu vyako kwa fundi. Kwa jinsi usivyoweza kupita mlango wa rafiki bila kuingia, nina kama saa mbili za kuandika. Baba yako yuko barazani analifunga begi lako kwa kamba ingawa zipu yake ni nzima. Mambo ya chandarua, ya usharika ulio karibu na chumba chako huko Arusha, na ya watu wa kuwaogopa, shangazi yako ameshayamaliza, tena mara mbili. Mimi sitayagusa.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilosema jana mezani. Ulikuwa unatuhadithia kazi yako mpya, ile programu ya lugha ya C inayolinda ubaridi wa majokofu ya chanjo, ambayo umri wake unakuzidi. Ulisema walikuonyesha wakati wa usaili, na kwamba imeandikwa na watu saba kwa mitindo saba. Huyu anaingiza mstari kwa nafasi nne, yule kwa nane, mmoja anafungua mabano mwisho wa mstari, mwingine anayashusha chini, na majina ni nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Ukacheka, ukasema, "Mama, wiki ya kwanza naifua yote." Mimi nikainuka nikasema naenda kuangalia ndizi jikoni, wakati ndizi zilikuwa mbele yetu mezani. Baba yako alinitazama. Wewe hukuona, ulikuwa na furaha.

Furaha hiyo naijua kwa sababu niliwahi kuwa nayo. Bibi yako kule Kamachumu mpaka leo anaamini nipo idara ya kodi, kwa kuwa siku moja nilimwambia naandika 'code', yeye akasikia kodi. Aliwatangazia wanawake wote wa usharika, na wengine walianza kunisalimia kwa woga. Sikuwahi kumsahihisha. Utaona katika barua hii kwamba mama yako ana tabia ya kuacha mambo yakae bila kusahihishwa pale yanapompendeza.

Unakumbuka ile ofisi yetu ya zamani karibu na ziwa, ulikokuwa unakuja baada ya shule kuchora juu ya karatasi za printa. Tulikuwa watu wanne tu. Tulitunza programu inayoendesha nyumba za pampu, zile zinazovuta maji ya ziwa na kuyapeleka kwenye miji midogo. Sehemu kubwa ya programu ile aliiandika Mzee Masalu, yule wa Misungwi aliyekuwa anakuletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ndani ya bahasha za ofisi. Masalu aliandika kama anavyoongea, anaanza, anasita, anarudi nyuma, anaendelea. Mistari yake iliyumba. Faili moja lilikuwa na nafasi tatu, jingine tano, na mabano aliyaweka pale tu lugha ilipomlazimisha. Lakini programu ilifanya kazi mwaka baada ya mwaka, na maji yalitoka.

Masalu alikuwa na desturi moja ofisini. Wewe unajua kwamba historia ya mabadiliko inaweza kukuambia kila mstari uliguswa mwisho na nani, lini na kwa sababu gani. Waliotengeneza kitendo hicho wamekiita lawama. Masalu hakulipenda neno hilo. Alisema mtu haendi nyumbani kwa mwenzake kulaumu, kwanza anapiga hodi. Basi kwetu ikawa hivyo. Ukitaka kubadilisha mstari, unatazama jina lililopo pale, unamfuata mwenyewe mezani kwake, au unampigia simu hata kama alishaacha kazi, unasema, "Hodi kwenye mstari wako wa mia mbili na kumi." Naye anakukaribisha, anakueleza kwa nini uko vile. Mara nyingine anacheka na kusema hakumbuki. Hata jibu hilo lilikuwa na faida, maana ulijua kwamba pale panahitaji kutembea polepole.

Mimi niliona desturi ile ni ya wazee. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, wewe uko darasa la nne, na nilikuwa nimesoma kanuni zote za uandishi safi. Na nikuambie ukweli, sababu nilikuwa nayo. Msimbo ule ulikuwa unapoteza watu. Mgeni akija alichukua mwezi mzima kabla hajaweza kuusoma bila kuumwa kichwa. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku mbili kwa mstari mmoja ulioingizwa ndani kana kwamba ni mtoto wa mstari wa juu yake, kumbe sio. Uchafu wa namna hiyo unadanganya macho, na macho yakidanganywa kuna siku mtu ataumia. Hilo nililiamini wakati ule na bado naliamini. Ndiyo maana sikuambii uache kila kitu kama ulivyokikuta.

Kaka yake Masalu alifariki, naye akaenda Misungwi msibani siku tano. Sisi wengine tulikwenda siku ya maziko tukarudi. Kesho yake nikaanza kusafisha. Sikumwambia mtu. Nilitaka akirudi akute nyumba inang'aa, na kusema kweli nilitaka pia aone kwamba inawezekana. Nafasi nilizipanga kwa programu maalumu, lakini mabano niliyaongeza kwa mkono, faili baada ya faili, kwa kutazama jinsi mistari ilivyoingizwa. Siku ya nne nikamaliza. Badiliko moja, maelfu ya mistari, na maelezo yake neno moja, "Usafi."

Aliporudi, shati jeusi, macho mekundu bado, alifungua faili lake la pampu akalipitia mpaka mwisho. Kisha akaniita.

"Umehamia kwangu, Mama Kemi," akasema.

Nikacheka nikidhani ananitania. Akanionyesha. Kila mstari, juu mpaka chini, ulikuwa na jina langu. Ile miaka yake yote, sababu zake, tarehe zake, majina ya wenzetu walioondoka, vyote vilikuwa nyuma ya jina langu. Nikamwambia historia haijafutika, mtu akitaka anaweza kurudi nyuma hatua moja akaiona. "Anaweza," akasema, "lakini atakayekuja na haraka hatarudi." Hakuniambia nirudishe. Alikuwa ametoka kuzika, hakuwa na nguvu ya kubishana nami juu ya mabano.

Hasara ndogo zilianza mapema. Miji mitatu ilikuwa bado inatumia toleo la zamani, na kila tuliporekebisha kasoro kwenye toleo jipya, rekebisho halikukubali kuingia kule kwa sababu mistari haikufanana tena. Masalu akawa anayaandika marekebisho hayo upya kwa mkono, moja moja, bila kulalamika. Mimi nilipita nyuma ya kiti chake nikajifanya sioni.

Wiki sita baada ya usafi wangu, kiungo cha bomba kilipasuka katika mojawapo ya nyumba za pampu. Mhudumu wake alikuwa Bwire, Mjita mmoja mpole, naye wakati huo alikuwa anapaka grisi. Chuma kilimpiga mkono wa kulia. Hospitalini waliukata juu kidogo ya kifundo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo barua hii ilipo. Katika faili lile palikuwa na swali moja: kama kina cha ziwa kimeshuka chini ya alama. Chini ya swali hilo mistari miwili, yote imeingizwa ndani sawasawa. Wa kwanza, toa tahadhari. Wa pili, subiri sekunde arobaini. Baada ya hapo, washa pampu ya pili. Mabano hayakuwepo. Wewe unajua C inafanya nini hapo. Bila mabano ya kuifunga pamoja, mstari wa kwanza tu ndio uko chini ya swali, na wa pili, hata uingizwe ndani kiasi gani, unatekelezwa kila mara. Kwa hiyo kwa miaka yote pampu ya pili ilisubiri sekunde arobaini, ziwa likiwa limejaa au limepungua, na maji ndani ya bomba yalipata muda wa kutulia. Mimi nilitazama kwa macho, nikaona mistari miwili iliyofanana, nikaifungia yote ndani ya mabano. Ikapendeza. Mwaka ule ziwa lilikuwa limejaa mpaka kwenye migomba ya watu. Kuanzia siku ile pampu hazikusubiri tena, na bomba lilipigwa na maji kwa ndani kila zilipowaka kwa mkupuo, mpaka likachoka.

Wakati wa uchunguzi sikuyajua haya. Walileta msimbo umechapwa kwenye karatasi bila majina ya walioandika, wakaupitia mbele yetu, wakafika pale. Mkuu wetu akamwuliza Masalu kama ndivyo alivyoandika. Masalu akavaa miwani, akasoma polepole, akasema, "Ndivyo nilivyoandika." Akatia sahihi. Akautoa ule mstari wa kusubiri nje ya mabano kwa mkono wake, ikawa ndiyo kazi yake ya mwisho pale, kwa sababu mkataba wake haukuendelea. Alibeba vitu vyake kwenye boksi la karatasi za printa. Wewe ulimwuliza michembe ataleta nani. Nadhani umesahau.

Wiki mbili baadaye nilifungua nakala ya zamani kutafuta kitu kingine kabisa, nikauona ule mstari wa kusubiri ukiwa hauna mabano. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Nilijua simu ya Masalu kwa kichwa. Nilijua mlango wa mkuu wetu uko wazi. Nilikuwa na ada yako ya shule, nilikuwa na cheo kilichokuwa kinanukia, na nilikuwa na woga, Kemi, woga mtupu. Basi nikafanya usafi wa pili. Nikahamisha mafaili, nikabadilisha majina ya vitendo, nikagawa lile faili la pampu mara tatu, ili mtu yeyote akitaka kulinganisha ya zamani na mapya asione kitu ila vurugu. Wakanisifu. Mwaka uliofuata nikawa kiongozi wa kitengo.

Wenzangu wanaobishana kuhusu mtindo wa msimbo hubishana juu ya macho na muda, na wana haki. Lakini mimi najua jambo jingine ambalo sijawahi kulisema kikaoni. Badiliko kubwa lenye jina zuri ni mahali pazuri sana pa kuficha kitu. Hakuna anayesoma mistari elfu kumi ya nafasi na mabano. Nilijificha humo na hakuna aliyenitafuta.

Kilichonitesa ni hodi. Ofisi ilikua, vijana wakaja, na desturi ya Masalu ikabaki hata baada ya yeye kuondoka. Wakawa wanatazama jina, wanakuja kwangu. "Hodi Mama, mstari wako huu, kwa nini kipimo kinagawanywa kwa saba?" Sijui. "Na huu, kwa nini unasoma kina mara mbili?" Sijui, wanangu. Mistari ile haikuwa yangu, aliyejua alikuwa Misungwi, nami sikuthubutu kumpigia. Nikawa natunga majibu. Baadhi ya majibu yangu yameandikwa kwenye maelezo ya programu ile mpaka leo, na watu wanayaamini.

Kwa hiyo ukifika kwenye kazi yako, na moyo ukikuwasha kufua, ukumbuke mama yako. Mstari mpya uandike kwa mtindo wa faili ulilolikuta, hata kama unakuchefua. Mahali ambapo mkono wako umeingia kwa sababu nyingine, hapo rekebisha unavyotaka, ila kama badiliko la peke yake, usichanganye usafi na tabia ya programu. Na ikitokea wote mmekubaliana kwamba faili fulani limezidi, basi mashine ifanye, si macho. Halafu mlinganishe kile kinachozaliwa msimbo ukishatafsiriwa kwa lugha ya mashine, kabla na baada ya usafi, na kikitofautiana hata kidogo mrudishe. Yapo pia maagizo ya kuiambia historia iliruke badiliko la usafi ili majina ya wenyewe yaendelee kuonekana. Mimi niliyafahamu nikiwa nimeshachelewa. Mengine utayaona mwenyewe vizuri kuliko mimi. Kuna mahali utakuta uchafu unaua, na utalazimika kuugusa. Sina kipimo cha kukupa cha lini ufue na lini uache. Ninachoweza kukuambia ni kwamba sikuwahi kuuliza swali hilo hata mara moja, nilifua tu.

Jumamosi ya wiki iliyopita sikwenda kwenye kikao cha harusi kama nilivyowaaga. Nilikwenda Misungwi kwa Mzee Masalu. Nilibeba kompyuta na nakala ya zamani, na njia nzima nilipanga maneno yangu. Amezeeka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama zamani, akauliza habari zako kabla ya habari zangu. Mke wake alileta uji. Nikafungua kompyuta juu ya mapaja, nikamwonyesha faili la kwanza na la pili, nikamwambia kila kitu, pamoja na usafi wa pili. Nilitaka anitukane.

Alivaa miwani ile ile. Akasoma. Kisha akanionyesha mstari kwa kidole na kusema neno ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Huu niliukusudia uwe ndani."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu kwamba siku alipouandika alitaka pampu isubiri pale tu ziwa linapopungua, ili bomba la kuvutia maji lijae. Alisahau mabano. Hakuwahi kujua kwamba pampu inasubiri kila mara, na hakuwahi kufikiria habari ya maji kupiga bomba. Kosa lake ndilo lililomlinda Bwire miaka kumi na moja bila mtu yeyote kujua, nami nikaja nikalisahihisha. Siku ya uchunguzi alisoma karatasi akaona kile kile kilichokuwa kichwani mwake, ndiyo maana akasema ndivyo alivyoandika. Hakuwa ananificha wala kunibebea. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba yeye ndiye aliyemkata Bwire mkono.

Na kwa kuwa aliamini hivyo, akafanya jambo. Bwire ana shamba dogo huko nje ya Igoma, na mtu wa mkono mmoja hawezi kuinua matuta ya viazi. Kila msimu wa mvua, mwaka wa kumi na tatu sasa, Mzee Masalu anapanda gari kutoka Misungwi na jembe lake, anamlimia Bwire siku mbili, anarudi. Ana goti linalovimba. Mke wake alidhani ni urafiki tu.

Nililia, na hakunibembeleza. Nilidhani atasema amenisamehe, au aniambie nitoke. Alichouliza ni kama nimeshapiga hodi kwa Bwire. Nikasema bado. Akafunga kompyuta yangu taratibu, akanirudishia.

"Basi msimu huu utalima wewe," akasema.

Kemi, mimi sijashika jembe tangu nitoke Kamachumu, na hata kule nilikuwa mvivu, bibi yako atakuambia. Bwire nitamwambia nini bado sijui, na anaweza kunifukuza, ana haki. Kazini nako itabidi niseme, na nadhani huu ndio mwaka wangu wa mwisho kwenye kiti kile. Baba yako nitamweleza kesho tukirudi kutoka stendi, kabla hajazoea ukimya wa nyumba. Nimekutangulizia wewe kwa sababu wewe ndiye unayekwenda kufungua mafaili ya watu wengine, na nisingependa uniige.

Nasikia geti, ni wewe na viatu vyako. Barua hii naiweka ndani ya begi, chini ya kamba ya baba yako, uisome ukiwa umeshapita Shinyanga. Juzi uliniuliza lile jembe jipya nyuma ya mlango wa sebule ni la nini, nikakujibu la maua.

Hatuna maua, mwanangu. Mvua zimeanza.

Mama yako